Mikisa Iliyohamia Kwenye Kompyuta

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Mwingereza iliteremshwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ikapandishwa ya Tanganyika. Uwanja ule, ambao leo unaitwa Uhuru, ni mwendo wa miguu kutoka mtaa wa Keko. Waliokwenda walishuhudia kwa macho yao, na waliobaki nyumbani walisikiliza redioni. Kamera za filamu zilikuwepo na picha zake tunaziangalia hadi sasa, lakini hakuna Mtanganyika aliyeliona tukio lile kwenye televisheni lilipokuwa likitokea. Nchi haikuwa na televisheni.

Tanzania Bara iliendelea hivyo kwa miaka 33 mingine, na haikuwa kwa bahati mbaya. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu televisheni kuwa anasa. Nchi yenye vijiji visivyo na maji safi ingetoaje fedha za kigeni kununua mitambo ya kuwafurahisha watu wachache wa mjini? Uingizaji wa seti ukazuiwa, redio ikaachiwa kazi yote, na tukubali kwamba ilifanya kazi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu kwa vikundi kusikiliza vipindi na kujadiliana, iliwafikia watu wapatao milioni 2. Televisheni gani ya wakati ule ingefika huko?

Visiwani mambo yalikwenda vingine. Mzee Abeid Amani Karume aliitaka televisheni, na ingawa aliuawa Aprili 7, 1972 kabla ya kuiona, mradi haukufa naye. Januari 1974, Mapinduzi yakitimiza miaka 10 na Aboud Jumbe akiwa madarakani, Televisheni Zanzibar ikaanza kurusha picha za rangi. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, zote zikiwa zimeanza na nyeusi na nyeupe. Zanzibar ikaruka hatua hiyo moja kwa moja.

Hapa inafaa tuingie studio kidogo, maana asiyejua kilichokuwa ndani hataelewa kwa nini kilichotokea baadaye ni kikubwa. Moyo wa matangazo ya moja kwa moja uko chumba cha pili, mbali na kamera. Ni meza inayopokea picha za kamera zote kwa pamoja, na mbele yake ameketi mtu anayeamua ni picha ipi itoke. Wenyewe huiita mikisa, wengine switcha. Mstari mmoja wa vitufe ni wa picha iliyoko hewani, mwingine ni wa picha inayosubiri, na pembeni kuna mkono wa kuvuta taratibu pale unapotaka picha moja iyeyuke ndani ya nyingine. Mtazamaji nyumbani anadhani anaangalia tukio. Anachoangalia ni maamuzi ya mtu huyu mmoja, kitufe baada ya kitufe.

Meza hiyo ilikuwa ghali kwa sababu ya saa. Katika mfumo wa PAL tulioufuata sisi, picha huchorwa mara 25 kwa sekunde, na kila moja ina mistari 625. Ili uhame kutoka kamera ya kwanza kwenda ya pili bila picha kuruka, kamera zote lazima zianze kuchora mstari wa kwanza kwa wakati mmoja, na tofauti ya hata sehemu ndogo ya sekunde huonekana kwenye kioo. Palihitajika mtambo wa kuzipigia kamera zote mdundo mmoja, nazo zikaufuata kama wapiga ngoma wanaomfuata kiongozi wao. Kebo zilipimwa urefu. Kanda ya video, kwa kuwa mwendo wake huyumba, haikuingia hewani mpaka ipitishwe kwenye kifaa kingine cha kuinyoosha. Kila kimojawapo kilikuwa na bei yake, na fundi wake alikuwa amesomeshwa nje. Ndiyo maana studio ilikuwa mali ya serikali au ya tajiri, wala hapakuwa na mtu wa tatu.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ikamruhusu tajiri kuingia. Mwaka 1994 zikaja CTN, DTV na ITV ya Reginald Mengi, na Dar ikaanza kuangalia televisheni yake yenyewe. Mtaani mwenye seti akawa mtu wa maana ghafla, sebule ikajaa watoto wa jirani hadi mlangoni. Mwalimu alipofariki Oktoba 14, 1999 na mwili wake kuagwa Uwanja wa Taifa, vituo binafsi vilikuwa hewani, lakini serikali ilikuwa bado haijazindua rasmi kituo chake Bara. Haikuchukua muda Televisheni ya Taifa, TVT, ikaanza kazi. Baadaye tukaijua kama TBC.

Wakati Dar inajifunza kuangalia, huko Topeka, jimbo la Kansas, Marekani, Tim Jenison na kampuni yake ya NewTek walikuwa wameshatoa kitu cha ajabu. Mwishoni mwa 1990 waliingiza sokoni Video Toaster, kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta aina ya Commodore Amiga. Mfumo mzima, kompyuta ikiwemo, uliuzwa kwa dola elfu chache tu. Kompyuta ya mezani sasa ilichanganya picha, ikaandika majina chini ya kioo, ikafanya mbwembwe ambazo vituo vikubwa vilizilipia mamia ya maelfu. Vituo vidogo vya Marekani, makanisa na shule vikajimwaga.

Sisi tusingeweza kuitumia hata kama tungekuwa na fedha. Marekani hufuata NTSC, yenye mistari 525 na karibu picha 30 kwa sekunde, na Toaster ilijengwa kwa NTSC peke yake. Mapinduzi ya kwanza ya studio ya bei nafuu yakatupita pembeni kwa sababu ya hesabu ya mistari. Kwenye simulizi za teknolojia, jambo hili aghalabu halitajwi.

Kilichotufikia kilipitia harusini. Si jambo la kuchekwa. Historia ya picha za moja kwa moja katika mitaa ya Dar imeandikwa ukumbini, kwenye kitchen party na send-off, kuliko kwenye kituo chochote. Ukumbi ukiwa mrefu, wageni wa nyuma hawamwoni bibi harusi. Fundi video akachomeka kamera kwenye projekta, picha ikatokea ukutani, watu wakashangilia. Shangazi akataka kamera ya pili, ya kuwaonyesha wazazi wakitokwa machozi. Kamera mbili zinahitaji mikisa. Panasonic ilikuwa na mashine yake ya MX50, iliyopendwa na wapiga video za harusi duniani kote katika miaka ya 1990 kwa sababu ilibeba ndani yake kumbukumbu ya kuishika picha na kuisubirisha mpaka zamu yake. Kamera za kawaida, zisizofuata mdundo wowote, zikaweza kuchanganywa. Wazo hilo la kuiweka picha kwenye kumbukumbu na kuitoa unapotaka ndilo lililokuja kuiua meza kubwa.

Mwaka 2009 ulileta vitu viwili visivyojuana. Julai, mkonga wa SEACOM ulioingia nchini kupitia pwani ya Dar es Salaam ukaanza kazi, na intaneti iliyotegemea setilaiti ikapata njia ya chini ya bahari. Mwaka huohuo, kampuni ya StudioCoast ya Queensland, Australia, ikatoa programu iitwayo vMix. Ilikaa ndani ya kompyuta ya Windows na kufanya kazi yote ya ile meza: vitufe, mkono wa kuvuta, maandishi, kurekodi, kurusha. Toleo lake la HD liliuzwa dola 350. Septemba 2012 ikatoka OBS, ya bure kabisa, iliyoanzishwa na Hugh Bailey kwa ajili ya wacheza gemu waliotaka kuonyesha mechi zao mtandaoni. Watengenezaji wake hawakuwa wakiwafikiria wahubiri wala wachambuzi wa soka wa Temeke.

Desemba 31 ya mwaka huohuo wa 2012, mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuhamia dijitali, kabla ya tarehe ya mwisho ya kimataifa ya Juni 17, 2015. Mwenye antena aliyekuwa akinasa vituo bure akaambiwa anunue king'amuzi. Manung'uniko yalikuwa makubwa. Mwaka mmoja baadaye Azam TV ikaanza, ikajenga studio zake Tabata na kuleta magari ya matangazo yaliyoegeshwa nje ya viwanja siku za mechi, kebo zikining'inia ukutani. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitia saini na Shirikisho la Soka, TFF, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni kwa haki za Ligi Kuu. Huo ndio upande mmoja wa televisheni yetu, upande wa mabilioni, na Simba na Yanga wanauhitaji.

Upande wa pili, wa studio ndogo za mtandaoni, ulisukumwa na jambo la siasa. Januari 2016 Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliliambia Bunge kwamba TBC haitaendelea kurusha mikutano yake yote mubashara. Gharama iliyotajwa ilikuwa Sh4.2 bilioni kwa mwaka. Mimi hoja ile haikuniingia. Ingekuwa 1974 ningeinamisha kichwa. Lakini 2016 kijana mwenye kompyuta ya kuchezea gemu na bando alikuwa tayari anarusha saa nne za send-off kwa ndugu walioko Muscat na Minneapolis. Gharama ya kituo cha taifa ni kubwa, sibishi, ila swali la nani achague picha wananchi waione lilikuwa pale mezani pamoja na swali la fedha, na watu wengi waliliona.

Basi twende Keko. Vyumba vinavyotumika kama studio ndogo viko Sinza, viko Kinondoni, viko Temeke yote, lakini Keko ina lake: mafundi seremala. Barabara ya Chang'ombe imejaa makochi na vitanda vinavyong'arishwa kando ya njia, kwa hiyo meza ya mtangazaji haiagizwi Dubai. Unamchorea fundi upana, unamwambia ubao upakwe rangi isiyong'aa ili taa zisirudishe mwanga kwenye kamera, na siku ya pili unaenda kumkumbusha. Kuta zinazibwa kwa povu la godoro lililokatwa vipande, pengine na trei za mayai, ingawa trei za mayai hazizuii kelele kama watu wanavyodhani. Zinapunguza mwangwi tu, na mashine ya kuranda ya jirani itasikika vilevile. Wenye busara hurekodi jioni, seremala akishafunga kazi.

Kompyuta ndiyo inayokula bajeti. Kamera moja yenye picha ya nukta 1920 kwa 1080, mara 25 kwa sekunde, bila kubanwa, hutoa takriban megabiti 830 kila sekunde. Kamera nne ni zaidi ya gigabiti 3, na zote lazima zipite ndani ya mashine moja bila kukwama. Hapo utaelewa kwa nini kadi ya picha ya mcheza gemu inatafutwa Kariakoo na watu ambao hawajawahi kucheza gemu. Tangu 2015, NewTek ileile ya Toaster ilipotoa mfumo wa NDI, picha zinaweza kupita kwenye kebo ya kawaida ya mtandao, na simu ya mkononi ikawa kamera ya tatu.

Kisha kuna hili la mwanga. Kamera nyingi hufika zikiwa zimepangwa kwa picha 30 au 60 kwa sekunde, kwa soko la Marekani. Umeme wetu una mizunguko 50. Ukiwasha taa za bei nafuu, michirizi myeusi inapanda na kushuka usoni mwa mgeni. Mtu anabadilisha taa, anabadilisha kamera, anamlaumu fundi umeme. Dawa ni kuingia kwenye menyu, kuweka PAL au picha 25, na kuweka kasi ya shata kuwa sehemu moja ya 50 ya sekunde. Mstari wa PAL na NTSC ulioizuia Toaster isije kwetu bado unatembea mezani, sasa kama michirizi.

Kipindi kikianza, angalia mikono ya anayeendesha. Kwenye studio kubwa kuna mwongozaji anayetoa amri, mtu wa mikisa anayetii, fundi sauti, na mwingine wa maandishi. Hapa wote ni mtu mmoja. Mkono wa kushoto uko kwenye vitufe vya namba, wa kulia umeshika kipanya, jicho moja liko kwenye mshale wa sauti. Mgeni akivuta pumzi kutaka kujibu, tayari amehamia kamera ya pili. Akingoja mpaka aanze kusema, amechelewa. Anaandika jina la mgeni huku anamsikiliza. Kosa la kwanza huwa kwenye sauti: kamera hutoa picha ikiwa imechelewa sehemu ya sekunde, maikrofoni haichelewi, na midomo inaachana na maneno. Programu ina mahali pa kuichelewesha sauti kwa milisekunde mia moja au mia mbili, ila mtu mwenye kazi nne haikumbuki. Ukiniuliza studio ndogo zimeshindwa wapi, nitakwambia sauti, kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya sauti, umeme. LUKU ikiisha katikati ya matangazo haiombi ruhusa. Kila chumba kinachojiheshimu kina UPS ya kushikilia kompyuta na ruta hadi mtu aingize tarakimu za tokeni. Na bando: kurusha kwa megabiti 4.5 kwa sekunde hula gigabaiti 2 kila saa, kwa hiyo ibada ya saa tatu imekula 6.

Mwaka 2018 kikaja kizuizi kisichotatuliwa na kifaa. Kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye televisheni ya mtandaoni apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA: maombi Sh100,000, leseni ya kuanzia Sh1,000,000, na ada ya mwaka Sh1,000,000. Jumla, takriban dola 930 za wakati ule. Piga hesabu: karatasi ilizidi mara mbili na nusu bei ya mikisa ya vMix. Kwa miaka yote ya nyuma kilichomzuia mtu wa kawaida kilikuwa mtambo. Mtambo ulipokuwa rahisi, kibali kikawa ghali kuliko mikisa yenyewe. Wapo waliolipa, wapo waliofunga, na Juni mwaka huo JamiiForums yenyewe ilisimama kwa muda. Kanuni ziliandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya corona, walimu nao wakaja kwenye vyumba hivi na ubao mweupe. Kufikia hapo Blackmagic ya Australia ilikuwa imetoa kisanduku cha ATEM Mini kwa dola 295, chenye vitufe halisi vya kubonyeza, na sehemu ya kazi ikarudi kutoka kwenye programu kwenda kwenye chuma. Wengi sasa wanavitumia vyote viwili: kisanduku kinachagua kamera, kompyuta inaongeza maandishi na kurusha. Sioni ubaya. Kidole kinapenda kitufe. Lakini chuma wala programu havikusaidia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipokatwa nchini. Vyumba vilibaki na kamera, taa na mikisa inayofanya kazi, bila pa kupeleka picha.

Neno langu kwa wenye vyumba hivi ni moja. Mikisa, ya meza au ya programu, huchagua picha moja na kuzitupa nyingine, na kinachobaki YouTube ni kile tu mkono wako ulichokichagua siku ile ukiwa na haraka. Programu hizi zina uwezo wa kurekodi kila kamera peke yake. Wengi hawauwashi kwa kuhofia nafasi. Kwa megabiti 20 kwa sekunde, kamera moja huchukua gigabaiti 9 kwa saa. Mkutano wa mtaa wa saa mbili wenye kamera tatu ni gigabaiti 54, na diski ya terabaiti moja inabeba mikutano 18 ya namna hiyo. Nunueni diski, andikeni tarehe na mahali juu yake, na msiifute kupisha harusi ya Jumamosi.